Wafuasi tele, viungo haba

Kampuni ya utalii ya hapa Kampala inaweza kuwa na video za gorila zinazotazamwa na maelfu TikTok, na bado mgeni anayeulizia Google bei ya kibali cha kuwaona gorila wa msitu wa Bwindi asiione hata ukurasa wa tatu. Mimi hufanya kazi ya kuzipandisha tovuti za namna hiyo, na mteja mpya karibu kila mara huanza kwa kunionyesha wafuasi wake.

Google haipangi matokeo kwa wafuasi. Matt Cutts, aliyeongoza vita dhidi ya tovuti za ulaghai pale Google, alilisema hilo wazi mwaka 2014. Huangalia, pamoja na mengine, viungo (links) vinavyokuja kwako kutoka tovuti nyingine, na kila kimoja ni kama kura. Lakini viungo unavyobandika X au Facebook huwekewa alama ya nofollow, yaani visihesabiwe kama kura. Tangu 2019 Google huichukulia alama hiyo kama dokezo tu, si amri, ila mimi siwekei matumaini hapo. Na kiungo kilichotumwa ndani ya kundi la WhatsApp, Google haikioni kabisa.

Hesabu ya kura hizo ilianza na Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walioeleza mfumo wao wa PageRank mwaka 1998 wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford. Aliyewahi kukopa SACCO ataelewa upesi: tovuti inayokuelekezea kiungo imekudhamini, na mdhamini mmoja anayeheshimika huwazidi kumi wasiojulikana na mtu. Kiungo kutoka tovuti ya chuo au gazeti, ndani ya makala inayohusu jambo lako, ndicho cha kuhangaikia.

Basi mitandao ya kijamii ina kazi gani? Kuufikisha ukurasa wako machoni pa watu wenye tovuti. Julai 2024 kibali cha gorila kwa mgeni wa kutoka nje kilipanda kutoka dola 700 hadi 800. Mteja wangu mmoja aliandika ukurasa unaoeleza nani analipa ngapi, bei inajumuisha nini na isichojumuisha. Tukaweka muhtasari X na LinkedIn, tukautuma pia kwenye makundi ya waongoza watalii. Hao wengi wao hawana tovuti, lakini wana wageni, na miongoni mwa wageni wamo wanaoandika blogu za safari. Viungo vikaanza kuja bila kuombwa. Picha ya machweo ya Ziwa Bunyonyi ingependwa zaidi, na isingeleta hata kimoja.

Sisi Uganda tuna sababu nyingine ya kutoitegemea mitandao peke yake. Julai 2018 ilikuja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, kisha Januari 2021 Facebook ikafungwa, na wenye biashara waliokuwa na ukurasa wa Facebook tu wakajikuta hawana mlango. Wengi walirudi kwa VPN, programu inayomfanya mtu aonekane yuko nchi nyingine. (Ukiona ghafla umepata wasomaji wengi wa Uholanzi kwenye takwimu zako, usifurahie upesi, huenda ni majirani zako wa Ntinda, hapa hapa Kampala.)

Kuhusu wale wanaokuuzia viungo mia tano kwa bei ya rolex mbili (chapati za mayai za mtaani, si saa): Aprili 2012 Google ilizindua Penguin, mfumo wa kuwabana wao na wateja wao. Siku hizi viungo vyao mara nyingi hupuuzwa tu, kwa hiyo pesa imekwenda bure, na vikizidi tovuti inaweza kuadhibiwa. Makala ya kulipia gazetini ni halali, mradi kiungo chake kiwekwe alama ya sponsored.

Kabla hujatafuta kiungo kipya, fungua Search Console, chombo cha Google cha kukagulia tovuti yako, uone kurasa zako zipi zinaelekezewa viungo na zipi zinaleta kosa la 404, yaani ukurasa haupatikani. Mafundi wengi wakisuka tovuti upya hubadilisha anwani zote, na viungo vya miaka vikabaki vinagonga ukuta. Mwambie wako azielekeze anwani za zamani kwenye mpya kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu, kila moja kwa ukurasa wake, si zote ukurasa wa mwanzo.