Kosa si la beringi: kufufua mashine ya kufulia ya zamani

Mama mmoja wa Temeke aliniletea mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, ya Kijerumani, ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Ilishuka na kontena la vitu vilivyotumika, ikamfulia miaka tisa, kisha ikaanza kunguruma. "Fundi, ikifika kwenye kukamua, mtaa mzima unajua ninafua," akaniambia. Fundi wa kwanza alibadilisha beringi. Baada ya miezi mitano ngurumo zikarudi, na safari hii akaambiwa mashine imezeeka, atafute nyingine.

Niliigeuza nikafungua kifuniko cha nyuma. Chini kidogo ya puli, kwenye mgongo wa tangi, yaani pipa la maji ambalo dramu ya nguo inazungukia ndani yake, palikuwa na mchirizi wa kahawia, mwembamba, umeganda kama chozi. Mchirizi huo ukiuona, usianze kulaumu beringi. Maji yamepita, na anayetakiwa kuyazuia ni sili.

Kazi yenyewe iko hivi. Dramu inayobeba nguo imeshikiliwa upande mmoja tu, kwa shafti inayotoka nyuma ya tangi. Shafti hiyo inazungukia beringi mbili. Kati ya beringi ya ndani na maji ya sabuni kuna mpira mmoja, sili, wenye mdomo laini unaobana bushi, yaani pete ya chuma iliyovishwa kwenye shafti. Mdomo ukilegea, maji ya sabuni yanaosha grisi, kutu inaingia, na hapo beringi imekwisha hata kama ni mpya kutoka kwenye boksi. Mzigo inaobeba nao si mdogo. Kilo moja tu ya nguo mbichi ikijikusanya upande mmoja wa dramu yenye kipenyo cha sentimita 46, kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, inavuta kama mzigo wa kilo 250 hivi. Ndiyo maana mashine za Bendix zilizotoka Marekani mwaka 1937 zilifungwa kwa bolti sakafuni, na ndiyo maana hizi zilizokuja baadaye zina springi, shokapu na kipande kizito cha zege au chuma cha kusubu ndani yake. Usikitoe kipande hicho ili mashine iwe nyepesi kubeba. Nimeshaletewa mashine iliyofanyiwa hivyo.

Kupima ni rahisi. Fungua mlango, shika ukingo wa dramu, inua juu. Ikicheza na tangi likabaki limetulia, beringi zimelika. Kisha zungusha taratibu kwa mkono huku umetega sikio nyuma: beringi mbovu inasaga kama ina mchanga.

Ninazipenda mashine hizi kwa sababu tangi lake limefungwa kwa bolti, unalifungua na kulirudisha. Nyingi za siku hizi tangi ni la plastiki lililogandishwa moja kwa moja; beringi ikifa, huifikii bila msumeno.

Nilipochomoa dramu nilifuta bushi kwa kitambaa, nikapitisha ukucha juu yake. Ukucha ukanasa. Palikuwa na mfereji mwembamba kuizunguka bushi yote, umechimbwa na mdomo wa sili ya zamani. Yule fundi wa kwanza aliweka beringi mpya, sili akarudisha ileile. Lakini hata angeweka sili mpya, mdomo wake ungekaa juu ya mfereji uleule na maji yangepita. Dawa ni kubadilisha bushi, au kumpa fundi wa mashine ya kukerezea aivue na kutengeneza nyingine, kisha isuguliwe kwa msasa laini wa maji mpaka ing'ae. Hapo ndipo kazi yote ilipo, na hapo ndipo wengi wanaparuka.

Beringi soma namba ubavuni. 6305, kwa mfano, ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje 62 na upana 17. Namba ni hizo hizo kiwanda chochote. Chagua zenye mpira pande zote mbili. Zilaze kwenye friza usiku kucha, asubuhi pasha moto nyumba yake kidogo, zitaingia bila kelele nyingi. Ukigonga, gonga ringi ya nje tu. Ya ndani ukiigonga, umeshaziharibu gololi zilizo ndani yake kabla ya kazi kuanza. Mdomo wa sili uelekee kwenye maji, na ujazwe grisi isiyooshwa na maji.

Kabla ya kuwasha, tazama kapasita ya kuzuia kelele za umeme pale waya unapoingia. Zile za zamani zenye ganda la njano huchanika taratibu na kunyonya unyevu, na unyevu wa pwani yetu mnaujua. Siku moja inapasuka na kujaza moshi chumba kizima. Weka mpya ya aina ya X2, thamani ileile. Hita ya wati 2,000 kwa volti 230 isome omu 26 hivi kwenye mita, na kati yake na ganda la mashine pasipite umeme hata kidogo.

Jambo la mwisho ni maji. Valvu za mashine hizi zinategemea msukumo wa maji ili zifunguke vizuri, na kila mita moja ya urefu wa tangi la juu inatoa msukumo wa takriban baa 0.1 tu. Tangi la mama huyu lilikuwa mita tatu juu ya koki, mashine ikawa inajaa kwa kusuasua. Tulimfungia pampu ndogo ya kuongeza nguvu.

Baada ya miezi minane nilipita kwake. Nikaomba kufungua kifuniko cha nyuma, nikapitisha kidole chini ya puli. Pakavu.