"Hawana Sauti": Nani Kakwambia?

Jumamosi mteja wangu mmoja kanirudishia riwaya ya Afghanistan niliyomwazima. Nauza vitabu vya mitumba, na wateja wa siku nyingi huwa nawaazima. Kafuta machozi, kasema: "Mwandishi huyu amewapa sauti wanawake wasio na sauti." Nikanyamaza, maana ni mama mtu mzima na ananunua sana. Lakini maneno hayo nimeyasikia hapa dukani hadi yamenikaa kooni.

Sauti wanayo, na hawakungoja kupewa. Taliban waliuteka mji wa Herat mwaka 1995, wakawafungia wasichana shule. Kushona hawakukukataza. Basi wanawake wakawa wanakwenda "kushona" katika darasa lililoitwa Sindano ya Dhahabu: mkobani vitambaa juu, madaftari chini, na darasani mhadhiri wa chuo kikuu akiwasomesha fasihi. Watoto walicheza nje, na polisi wa maadili wakionekana, watoto ndio waliowatahadharisha waliokuwa ndani. Mmoja wa waliosoma pale ni mshairi Nadia Anjuman, aliyechapisha diwani yake mwaka 2005.

Halafu kuna landay, vishairi vya mishororo miwili vya Kipashto, mojawapo ya lugha za Afghanistan, mizani 9 kisha 13. Wanawake huviimba kisimani na arusini, na havina mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kukamatwa. Mle mna vita na misiba, lakini mna matani pia, na mume mzee asiyejiweza kitandani huchambuliwa bila huruma. Aliyewahi kumnunulia jirani kanga kwa sababu ya jina lake atanielewa.

Mwaka 2022 ukatoka mkusanyiko wa hadithi fupi za wanawake 18 wa Afghanistan, uliotafsiriwa kutoka Kipashto na Kidari, lugha nyingine ya huko. Mama anajifungua binti wa nane. Mtoto wa kike anatamani mabuti mekundu ya dukani. Nikiwaeleza wateja, wananiuliza: "Mabuti tu?" Ndiyo, mabuti. Hapo ndipo ninapogundua kwamba wengine hawatafuti sauti ya mtu, wanatafuta pa kulilia. Riwaya wanayoililia iliandikwa kwa Kiingereza, Marekani, na daktari Khaled Hosseini, aliyeondoka Kabul mwaka 1976 akiwa mtoto. Ni fundi, na sina ugomvi naye. Kitabu chake nimekiuza mara nyingi na nitakiuza tena. Ila kazi yake ni kubuni, na wanawake wale walikuwa wakiandika wenyewe kabla yake na wakati wake. Kilichokosekana ni wafasiri. Ndiyo maana namshauri kila mtu aanze na hadithi fupi, na kabla ya kulipa afungue ukurasa wa ndani aone kitabu kimetafsiriwa kutoka lugha gani. Jalada lenye mwanamke wa baibui la buluu halikwambii kitu, ni biashara ya mchapishaji.

Wengine huniambia mateso yalianza na Taliban. Jamani, someni miaka iliyoandikwa mwanzoni mwa sura za riwaya yenyewe! Wasovieti waliingia mwishoni mwa 1979. Kati ya 1992 na 1996 makundi ya mujahidina ndiyo yaliyoirushia Kabul makombora, na Taliban walikuwa bado hawajaushika mji huo. Na Nadia Anjuman alifariki Novemba 2005, baada ya kupigwa nyumbani kwake, mwaka ule ule wa diwani yake, akiwa hajafikisha miaka 25. Taliban hawakuwa madarakani.

"Ni dini yao." Ingekuwa dini, shule za wasichana za Zanzibar na Oman zingefungwa zamani. Kuwazuia wasichana kuvuka darasa la sita tangu 2021, na kuwafungia vyuo vikuu Desemba 2022, ni amri ya watawala wa Kabul, na wapo Waislamu wengi wanaoipinga, Waafghanistan wakiwamo.

"Waarabu wana mambo." Si Waarabu. Kidari ni Kiajemi, lugha iliyotupa bandari na serikali, na Kipashto ni ndugu yake wa mbali.

Na la mwisho, la yule kijana aliyenunua riwaya ya Yasmina Khadra kuhusu Kabul ya Taliban, iliyotoka mwaka 2002. Alirudi akaniambia uchungu ule ungeweza kuandikwa na mwanamke tu, aliyeyaona kwa macho yake. Nikamweleza kwamba Yasmina Khadra ni mwanamume, Mohammed Moulessehoul, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Algeria, na jina hilo amelichukua kwa mkewe. Kijana akakigeuza kitabu, akaliangalia jalada la nyuma kwa muda, kisha akaniuliza kama naweza kumbadilishia. Nikampa zile hadithi fupi.