Siagi Iliyoyeyuka Haileti Tabaka

Wengi huamini kwamba ukitaka vitafunwa vya kujazwa vyenye tabaka nyepesi, siagi iyeyushwe kwanza, kisha unga ukandwe mpaka mkono uchoke. Ni kinyume chake. Siagi ina maji, asilimia 16 hivi. Ikibaki baridi, katika vipande vidogo ndani ya unga, joto la oveni hugeuza maji hayo kuwa mvuke, na mvuke huo ndio unaotenganisha tabaka. Ukiiyeyusha mapema, unga wote unainyonya na hakuna tena cha kutenganisha. Kukanda sana nako hukaza gluteni, yaani protini ya unga wa ngano inayovutika: donge hujivuta kurudi kila ukilisukuma, na likiiva huwa gumu. Changanya mpaka lishikane tu, basi, kisha lipumzike kwenye friji kama nusu saa.

Ndani weka mayai, jibini, nyama, chochote upendacho, ila kiwe kimeshapoa kabisa. Hapa ndipo wenye haraka huharibu kazi yote, maana kijazo cha moto huyeyusha siagi hata kabla ya oveni. Bana kingo kwa uma, toboa tundu dogo juu la kutolea mvuke, oka kwa nyuzi 200 za Selsiasi mpaka vigeuke rangi ya dhahabu.