Barafu ya Mwezini ni ya nani?

Swali ninaloulizwa zaidi tangu niingie kwenye sheria ya anga za juu ni kama vyeti vya viwanja vya mwezini vinavyouzwa mtandaoni vina nguvu yoyote. Havina. Ibara ya 2 ya Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 inazikataza nchi kujitwalia Mwezi, iwe kwa kutangaza mamlaka, kwa kuutumia au kwa kuukalia. Nchi isiyo na ardhi kule haina cha kumgawia raia wake. Mmarekani mmoja aliyedai asteroidi Eros (mwamba mkubwa unaolizunguka Jua) ni mali yake, na kuitaka NASA imlipe ada ya maegesho ya chombo kilichotua pale mwaka 2001, aliishia kutupiwa kesi yake nje.

Ugumu uko kwenye kinachochimbwa, maana Mkataba haukutaja madini wala maji. Marekani (2015), Luxembourg (2017), Falme za Kiarabu (2019) na Japani (2021) zimetunga sheria zinazoruhusu kampuni kumiliki ilichokitoa. Hoja yao ni kwamba bahari kuu haina mwenyewe, ila samaki aliyevuliwa ni wa mvuvi. Naikubali nusu tu. Samaki huzaliana, barafu iliyojificha kwenye mashimo yasiyofikiwa na jua karibu na ncha za Mwezi haizaliani, na mashimo yenyewe si mengi.

Mkataba wa Mwezi wa 1979 uliita rasilimali hizo urithi wa pamoja wa binadamu. Marekani, Urusi na China hazikujiunga, na Saudi Arabia imeshajitoa.

Kinachonitia hofu hasa ni maeneo ya usalama, yaani sehemu zinazozunguka kazi za mtu ambazo wengine hutakiwa wasiziingilie, yaliyomo katika Makubaliano ya Artemis ya mwaka 2020, kanuni za shughuli za Mwezini zilizoasisiwa na Marekani na washirika wake. Kwenye karatasi ni ya muda, na hayamfungii mtu njia. Tena sababu yake ni ya kweli: kusiko na hewa, vumbi linalotimuliwa na injini ya chombo kinachotua huruka mbali sana na kuharibu mitambo ya jirani. Lakini kampuni itakayotangulia kusimika mitambo ukingoni mwa shimo lenye barafu, ikakaa hapo miaka 20 huku wengine wakiambiwa wasisogee, itahitaji hati ya nini?

Ibara ya 6 ya Mkataba wa Anga za Juu inailazimisha kila nchi kuzipa kampuni zake kibali na kuzisimamia muda wote. Ukomo wa miaka na ukubwa wa eneo uandikwe humo, ndani ya leseni, na nchi zisizo na roketi zinapaswa kulidai hilo sasa, wakati kamati ya Umoja wa Mataifa ya anga za juu ingali inajadili kanuni za rasilimali hizi kule Vienna.