Ala za bastola za Wajerumani wa Vita vya Pili vya Dunia: yanayosemwa na ukweli wake

"Ina mhuri wa tai, basi ni halisi."

Tai huyo ni alama iliyogongwa na wakaguzi wa jeshi, na dhana hii imewatia hasara wakusanyaji wengi sana. Kughushi mhuri ni kazi nyepesi mno: kinachohitajika ni kipande cha chuma kilichochongwa, nyundo, na ala yoyote kuukuu. Ndiyo maana tunasisitiza ngozi, uzi na vyuma vikaguliwe kwanza, mhuri baadaye.

Ukiufikia mhuri, shika lenzi ya kukuzia mara 10 na utazame ndani kabisa ya kishimo cha herufi. Kiwandani ngozi ilikuwa mpya na laini, hivyo alama ilididimia bila kuichana, na kwa miaka 80 uchafu na nta vimetulia ndani yake. Ngozi iliyokwisha kukauka ikigongwa leo hupasuka usoni. Pembeni mwa herufi utaona nyufa nyembamba kama unywele, na chini kabisa nyuzinyuzi za ngozi zenye rangi nyepesi kuliko uso wa ala. Alama za SS, kikosi cha chama cha Nazi, zitilie shaka tangu mwanzo. Zinapandisha bei sana, na nyingi ziligongwa baada ya vita juu ya ala za kawaida.

Halafu linganisha maandishi na kalenda. Mpaka karibu 1940 watengenezaji walipiga jina lao, mji na mwaka. Baadaye zikatumika herufi za siri, mfano bml kwa Hans Römer wa Neu-Ulm, na kuelekea mwisho wa vita baadhi ya viwanda vikapiga namba ndefu badala ya herufi. Bastola ya P.38 ilikubaliwa jeshini 1938. Ala yake ikiandikwa 1936, hapo hakuna cha kujadili.

"Isiyo na mhuri ni bandia."

Si kweli. Maofisa wengi walijinunulia ala zao madukani, hasa za bastola ndogo za Walther PP na PPK, na hizo hazikupita kwa wakaguzi wa jeshi la nchi kavu. Jeshi la majini nalo lilikuwa na alama yake, tai juu ya herufi M.

"Lazima iwe nyeusi, na lazima iwe ya ng'ombe."

Nyeusi ndiyo ya kawaida, lakini za kahawia zipo nyingi, zikiwemo za jeshi la anga, na nyingine zilianza kahawia zikapakwa nyeusi baadaye. Chungulia chini ya vitanzi vya mkanda, mahali brashi isipofika vizuri. Ngozi ya nguruwe pia ilitumika. Utaitambua kwa vitundu vya manyoya vilivyokaa vitatuvitatu. Tena kulikuwa na Presstoff, ngozi ya kutengenezwa kwa nyuzinyuzi zilizoshindiliwa. Mtu asiyeijua huiona kama kadibodi iliyopakwa rangi na kuitupa, na hilo linatuuma.

"Uzi usipong'aa kwenye tochi ya urujuanimno (UV), ala ni ya wakati wa vita."

Tochi hiyo, ile ile ya kukagulia noti, husaidia upande mmoja tu. Uzi uking'aa buluu kali, uulize maswali: huenda ni uzi wa kisasa, huenda ni fundi aliyeshona upya sehemu moja, au sabuni ya kufulia imeugusa. Usipong'aa, bado hujathibitisha lolote, maana uzi mpya wa kitani au pamba usiotiwa king'arishi, yaani kemikali ya kuufanya ung'ae, nao hubaki giza.

Kipimo cha pili ni moto. Kata unyuzi uliolegea, milimita 3 zinatosha, na uuchome mbali na ala. Kitani na pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Nailoni hujikunja, huyeyuka, na kuacha tone gumu. Kisha inua mshono mmoja kwa ncha ya sindano: uzi wa zamani umejichimbia kitanda chake, na ngozi chini yake imebaki safi kuliko ya pembeni.

"Bastola imeingia vizuri, kwa hiyo ni ya asili."

Nakala za leo hukatwa kwa vipimo vilevile, zikaingiza P.08 (bastola ya Luger) bila shida. Ala halisi iliyokauka, kinyume chake, imesinyaa na pengine haiingizi chochote. Usiilazimishe, mishono itakatika.

Jihadhari zaidi na ala za P1. Jeshi la Ujerumani Magharibi lilirudia kutumia P.38 mwaka 1957 na kuiita P1 kuanzia 1963, na ala zake zinafanana sana na zile laini za miaka ya mwisho ya vita. Mhuri wa baada ya vita ukikwanguliwa, pale ulipokuwa hubaki bonde dogo na ngozi iliyoota manyoya. Pitisha kidole mgongoni mwa ala, kati ya vitanzi na chini yake, huku ukiimulika kwa taa kutoka ubavuni. Bonde hilo hujitokeza kwa kivuli chake.