Kufunganisha nyenzo za swichi na ishara katika reli ya mfano

Reli ya mfano inaweza kuwa na ishara za kupendeza na swichi (reli zinazosogea kuielekeza treni njia moja au nyingine) zinazogeuka bila kukwama, lakini nyenzo zake, yaani mikono ya kuzivutia, zisipofungana, hakuna kinachomzuia mwendeshaji kushusha ishara ya njia kuu, yaani kuiruhusu treni ipite, huku swichi ikiwa imeelekea tawini. Hataza ya John Saxby ya kuunganisha swichi na ishara ni ya mwaka 1856. Uingereza ilipotunga sheria mwaka 1889, baada ya ajali ya Armagh, ufungaji huo ukawa sharti kwa njia za abiria.

Kabla ya kukata chuma, andika jedwali la masharti. Chukua kituo chenye nyenzo tatu: wenzo wa 1 ni ishara ya njia kuu, wa 2 ni swichi, wa 3 ni ishara ya tawi. Wenzo wa 1 huvutika tu ikiwa wa 2 uko mahali pake pa kawaida, yaani haujavutwa na swichi imeelekea njia kuu. Wa 3 huvutika tu ikiwa wa 2 umeshavutwa hadi mwisho. Wengi huongeza kifungo kati ya 1 na 3, nami naona ni kazi bure, kwa kuwa swichi haiwezi kuelekea pande mbili kwa wakati mmoja.

Kila wenzo husukuma ubapa wa shaba wenye mapengo ya umbo la V, na kati ya bapa mbili hukaa komeo linaloteleza kwa kukingama. Siri yote imo katika urefu wa komeo: ni sawa na nafasi kati ya bapa mbili pamoja na kina cha pengo moja. Ikiwa nafasi ni milimita 20 na kina ni 3, komeo huwa na milimita 23, kwa hiyo ncha moja ni lazima iwe ndani ya pengo wakati wote. Ukivuta wenzo wa 1, mteremko wa pengo hulisukuma komeo liingie katika ubapa wa 2, na swichi hufungika. Kwa wenzo wa 3, pengo la ubapa wa 2 huchongwa mahali ambapo hulifikia komeo pale tu swichi imekamilisha mwendo. Ikiwa nusu njia, ishara zote mbili hukataa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mpangilio wa matukio. Pengo la nyuzi 45 lenye kina cha milimita 3 humaliza kufunga ubapa ukisogea milimita 3, yaani sehemu ya tano ya mwendo wa milimita 15. Waya wa swichi au ishara uachiwe ulegevu unaolingana na mwendo huo, ili kisogee chochote relini baada tu ya komeo kumaliza kufunga. Kisha jaribu kila wenzo katika kila hali, ikiwemo ile ya nusu njia, kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Komeo likigoma, lainisha miteremko ya mapengo kwa tupa ndogo, wala usifupishe komeo, kwa sababu likipungua, nyenzo mbili zinazopingana zitaanza kuachiana.