Kipokezi cha D2 na panya mnywaji: majaribio mawili yanayoonekana kupingana

Mwaka 1998 Tamara Phillips na wenzake walionyesha kwamba panya wadogo wa maabara (mouse) walioondolewa jeni ya kipokezi cha dopamini D2 (protini ya seli inayopokea dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na mwendo) hunywa pombe kidogo kuliko wenzao wenye jeni hiyo. Mwaka 2001 Panayotis Thanos, Nora Volkow na wenzao walikwenda upande wa pili: walitumia kirusi kuongeza D2 kwenye nyukliasi akambensi (sehemu ya ubongo inayohusika na hamu na raha) ya panya wa spishi kubwa (rat), na wale waliokuwa wakipenda pombe wakapunguza unywaji kwa asilimia 64. D2 ikiondolewa, unywaji unashuka. Ikiongezwa, unashuka vilevile.

Tatizo liko kwenye swali "D2 wapi?" Kipokezi hiki kimo kwenye seli zinazotoa dopamini katika ubongo wa kati, na huko ni breki: dopamini ikizidi, kinapunguza utoaji wake. Kimo pia kwenye kundi moja la seli za striatamu (eneo la ndani ya ubongo lenye nyukliasi akambensi) zinazoipokea dopamini. Kirusi kiligusa sehemu ndogo ya ubongo wa panya mzima, tena kwa muda tu. D2 iliposhuka, unywaji ulirudi taratibu. Panya aliyezaliwa bila jeni amekosa kipokezi kila mahali tangu tumboni, na hata mwendo wake ni mzito. Kwa hiyo mimi simchukulii kuwa mfano wa mtu mwenye D2 chache.

D1, kipokezi kingine cha dopamini, haina utata mwingi hivyo. Panya wasio nayo hunywa kidogo, na kuizuia kwa dawa iitwayo SCH 23390 hupunguza unywaji. Ila dawa hiyo hushika pia baadhi ya vipokezi vya serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, na dozi ikipanda panya anatulia tu pembeni. Ndiyo maana lazima upime maji aliyokunywa na jinsi anavyotembea. Pombe ikishuka pamoja na maji, huenda umezuia miguu, si hamu.

Makosa mengi, hata hivyo, huanzia kwenye chupa. Kupata lita moja ya asilimia 20 kwa ujazo kutoka ethanoli ya asilimia 95, pima mililita 210.5 kisha jazia maji hadi lita. Chagua aina ya panya kwa makini: C57BL/6J hunywa kwa hiari, DBA/2J huikwepa. Weka chupa mbili, ya pombe na ya maji, na ubadilishe pande kila siku, kwa sababu panya huzoea upande mmoja. Weka pia kizimba kisicho na panya chenye chupa zilezile. Kinachodondoka humo ukitoe kwenye hesabu. Kwa panya mdogo, mililita moja ya matone inaweza kubeba "matokeo" yako yote.

Hesabu ni hii: mililita × mkusanyiko (asilimia 10 ni 0.1) × 0.789 (gramu za ethanoli kwa mililita), gawanya kwa uzito katika kilo. Panya wa gramu 25 aliyekunywa mililita 3 za asilimia 10 amepata takriban gramu 9.5 kwa kilo. Kama ni kwa saa 24, usiseme amelewa: amekunywa kidogokidogo na ini limekuwa likisafisha. Ukitaka ulevi, mpe asilimia 20 kuanzia muda wa saa tatu baada ya taa kuzimwa, kwa saa mbili kila siku kwa siku tatu, na siku ya nne kwa saa nne, kisha pima pombe kwenye damu papo hapo.

Mwisho, rudia jaribio kwa sakarini, ambayo ni tamu, na kwa kwinini, ambayo ni chungu. Aliyebadilika kote kote huenda amebadilika ulimi, si hamu ya pombe.